Mchawi wa Kitabuni na Mchawi wa Mtaani

Jumapili ya tarehe 30 Desemba 2001, katika mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico nchini Marekani, waumini wa kanisa moja waliwasha moto nje ya jengo lao la ibada na kutupia humo nakala za riwaya za Harry Potter. Mchungaji wao alisema vitabu hivyo vinawafundisha watoto uchawi, na alikiri kwamba yeye mwenyewe hakuwa amevisoma. Machi 2019, makasisi wa Gdańsk nchini Poland walifanya vivyo hivyo, na katika picha walizozisambaza kilionekana kinyago cha Kiafrika kikiungua pamoja na vitabu. Mwaka huohuo shule moja ya Kikatoliki mjini Nashville iliviondoa vitabu hivyo maktabani, baada ya kasisi kuandika kwamba maneno ya kichawi yaliyomo ni ya kweli na kwamba anayeyasoma anaweza kuwaita pepo wachafu.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa, na wengi waliwacheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Mzazi wa Kikristo anayemkuta binti yake wa darasa la sita amejifungia na kitabu chenye vijiti vya kichawi, kafara ya damu na roho za wafu ana haki ya kuuliza ni nini kimeingia nyumbani mwake. Tena swali hilo ni zito zaidi kwetu. Msomaji wa London anaweza kusema uchawi ni pambo la hadithi, kwa kuwa ni karne kadhaa sasa tangu mtu wa mtaani kwake afikishwe mahakamani kwa ulozi. Msomaji wa Shinyanga, Kilifi au Bukavu amekaa kwenye misiba ambako watu walinong'onezana nani kamla marehemu. Amewaona wagonjwa wakiachishwa dawa za hospitali ili wapelekwe kwa mganga. Huenda kanisani kwake kila Ijumaa kuna mkesha wa kukemea nguvu za giza.

Ndiyo maana naliona swali hili ni letu kuliko lilivyo la Wamarekani, na nasikitika tunapoazima jibu lao jinsi lilivyo. Jibu hilo huhesabu vitu: kuna mchawi, kuna kijiti, kuna maneno ya ajabu, basi kitabu kichomwe. Mimi nadhani yako maswali mawili yanayokwenda mbali zaidi: hadithi hii inamfundisha msomaji kutamani nini, na inamfundisha kumshuku nani? Tukipima hivyo, baadhi ya vitabu vilivyochomwa vitapona, na baadhi ya vitabu na filamu zinazouzwa mlangoni mwa kanisa zitashindwa.

Tuanze na Maandiko, maana ndiko wasiwasi wenyewe unakotoka. Katazo la Kumbukumbu la Torati sura ya 18 halina utata: kupiga bao, kubashiri, kuloga, kupandisha pepo, kuwauliza wafu, yote yanatajwa kwa mkupuo na Mkristo hawezi kuyakwepa. Lakini wengi wanaoikariri orodha hiyo huliruka jambo lake la kwanza, nalo ni kumpitisha mwana au binti motoni. Torati imeanza na mtoto anayeteketezwa, kisha ndipo ikafika kwenye ramli na mizimu. Kwa mpangilio huo naelewa kwamba machukizo yale yalikuwa na wahanga, na kwamba tamaa ya kuijua na kuitawala kesho ililipiwa kwa uhai wa wanyonge. Aya chache mbele inakuja ahadi: watu wa Mungu watainuliwa nabii wa kumsikiliza. Wanakatazwa kutafuta habari kwa mlango wa uani kwa sababu mlango wa mbele utafunguliwa.

Kila anayechoma vitabu hutegemea Matendo ya Mitume sura ya 19. Waefeso waliokuwa wakitumia uganga walivikusanya vitabu vyao wakaviteketeza mbele ya watu wote, na thamani yake ikahesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Lakini vilikuwa vitabu vya namna gani? Efeso ulisifika katika ulimwengu wa Kiyunani kwa maneno ya mafumbo yaliyoandikwa kwenye hirizi au kutamkwa ili kumkinga mtu na pepo. Mafunjo ya uganga wa zama hizo yaliyofukuliwa Misri yamehifadhiwa hadi leo, na yamejaa maelekezo: twaa kitu hiki, tamka jina lile, nawe utampata mwanamke umtakaye au utamfunga ulimi mshitaki wako. Vile vilikuwa vitabu vya kutendea kazi. Ndugu zao wa leo ni vitabu vya nyota na talasimu vinavyouzwa mitaani, na matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme yakiahidi kurudisha mume aliyepotea. Jambo jingine ni kwamba waliochoma pale Efeso walikuwa wenye vitabu wenyewe, watu waliovitumia kisha wakaungama. Hatusomi kwamba kuna aliyeingia nyumba ya jirani kukusanya vya jirani.

Kisha Biblia yenyewe inasimulia uchawi, na inausimulia kwa ufundi mkubwa. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli sura ya 28, mfalme Sauli, aliyekuwa amewafukuza wapandisha pepo nchini, anajigeuza kwa mavazi mengine na kwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili amwitie Samweli aliyekwisha kufa. Habari hiyo haikufupishwa ikawa onyo la mstari mmoja. Tumepewa giza, hofu ya mwanamke anayedhani ametegewa mtego, mzee anayepanda kutoka chini amejifunika vazi, na mfalme anayeanguka chini kifudifudi kwa hofu, akiwa hana nguvu kwa kuwa hakuwa amekula mchana kutwa wala usiku kucha. Halafu linakuja jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa kwenye mkesha wowote: mwanamke yule, ambaye kwa sheria ilimpasa kufa, anamhurumia mfalme. Anamchinjia ndama aliyenona, anakanda unga, anamlisha usiku wa mwisho kabla ya kifo chake. Mababa wa Kanisa walishindana sana juu ya sura hii. Origen wa Aleksandria alishikilia kwamba aliyepanda ni Samweli kweli. Eustathius wa Antiokia aliandika kitabu kizima cha kumpinga. Gregory wa Nyssa alisema ni pepo aliyejifanya Samweli. Pamoja na ubishi wote huo, sura ile ilibaki mahali pake, ikasomwa na kila kizazi.

Kwa hiyo kuusimulia uchawi hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kuutenda. Sisi wenyewe tumeliishi jambo hili bila kulitamka. Vizazi vya wanafunzi, wakiwamo wa seminari na shule za misheni, wamesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambamo jini anawageuza ndugu wawili kuwa manyani, wakajifunza humo ubaya wa husuda. Bibi zetu waliokwenda jumuiya kila wiki walitusimulia habari za mazimwi bila kuona kwamba wanakiuka ubatizo wao. Wamisionari nao walitufasiria Safari ya Msafiri ya John Bunyan, iliyojaa majitu na pepo wenye magamba.

Walioipa nguvu mpya hadithi ya ajabu katika Kiingereza cha karne ya 20 walikuwa Wakristo waliolifahamu swali hili kwa kuungua nalo. J.R.R. Tolkien, Mkatoliki, na C.S. Lewis, Mwanglikana mzaliwa wa Belfast, walikuwa marafiki na wanazuoni wa Oxford waliosomeana miswada katika kikundi chao cha Inklings. Mwenzao Charles Williams alikuwa kwa miaka kadhaa mwanachama wa chama cha siri cha A.E. Waite, chenye ibada zilizochanganya Ukristo na elimu za mafumbo. Lewis naye amesimulia katika Surprised by Joy, kitabu cha maisha yake cha 1955, kwamba akiwa mtoto wa shule ya bweni alishikwa na uchu wa mambo ya pepo na elimu za siri, na kwamba uchu huo ulikuwa sehemu ya safari iliyomtoa katika imani ya utotoni.

Alikijua alichokiogopa, na unakiona katika The Magician's Nephew kilichotoka mwaka huohuo. Mchawi wa kitabu hicho ni Mjomba Andrew: mzee muoga na mwenye majivuno, anayewatuma watoto wakajaribu pete ambazo yeye hathubutu kuzivaa, na anayeamini kwamba sheria za kutimiza ahadi ziliwekwa kwa ajili ya watu wa kawaida, hazimhusu mwenye elimu kama yeye. Malkia Jadis, mchawi mkubwa zaidi, ameuangamiza ulimwengu wake wote kwa neno moja ili dada yake asimshinde vitani. Hoja hiyohiyo Lewis aliitoa bila hadithi katika The Abolition of Man cha 1943: uchawi na sayansi ya matumizi vilistawi pamoja katika karne za 16 na 17 kwa sababu vilichochewa na tamaa moja, yaani kuulazimisha ulimwengu utii matakwa ya mtu, ilhali hekima ya kale ilimtaka mtu aitiishe nafsi yake kwa ukweli. Tolkien alifika palepale kwa njia yake. Katika barua zake aliuweka uchawi jirani na mashine, vyote viwili vikiwa njia za kuifanya nia ya mtu itimie upesi na kwa mabavu.

Pete ya The Lord of the Rings, riwaya iliyotoka mwaka 1954 na 1955, ndiyo mfano mkubwa wa fikra hiyo. Ina nguvu kweli. Mwenye nia njema akiitwaa ili aiokoe nchi yake, ataiokoa kisha atakuwa dhalimu wake. Boromir anaanguka kwa sababu anaipenda Gondor. Gandalf na Galadriel wanaikataa wakijua wanavyoitamani. Msomaji Mkristo aliyemaliza kitabu hicho amejifunza jambo ambalo mahubiri mengi ya kukemea hayamfundishi: uchawi huja ukiahidi mema, na humnasa mtu mzuri kwa kile anachokipenda zaidi. Wanaokwenda kwa mganga mara nyingi hawaendi kwa chuki. Wanakwenda kwa ajili ya mtoto mgonjwa, ndoa inayoyumba, biashara iliyododa.

J.K. Rowling alikuja baada ya hao, katika dunia iliyokuwa tayari imesahau hoja zao. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Juni 1997, chapa ya kwanza ikiwa na nakala 500 tu, na cha saba kikatoka Julai 2007. Jumla ya nakala zilizouzwa zimepita milioni 500. Katika hesabu za Chama cha Maktaba cha Marekani, hakuna vitabu vilivyolalamikiwa kuliko hivyo katika muongo wa 2000 hadi 2009.

Wakristo hawakuwahi kuwa na kauli moja. Chuck Colson, kiongozi wa Wakristo wa kiinjili wa Marekani mwenye wafuasi wengi, alisema mwaka 1999 kwamba uchawi wa vitabu hivi ni kama wa mitambo, hauhusiani na kuita pepo. Jarida la Christianity Today likavitetea mwaka 2000. Richard Abanes, Mkristo wa kiinjili mwenzao, akajibu kwa kitabu kizima mwaka 2001 akionyesha humo unajimu, ramli na elimu za kale zinazofanywa na watu halisi. Mkatoliki Michael O'Brien wa Kanada alikuwa ameingia ndani zaidi hata kabla ya Potter. Yeye aliogopa kuchafuliwa kwa ishara. Mtoto aliyekua akijua kwamba joka ni adui ana dira, na mtoto anayefundishwa kwamba joka ni rafiki asiyeeleweka amenyang'anywa dira hiyo kabla hajajua kazi yake. Hata Roma ilikuwa na sauti mbili katika mwaka mmoja. Februari 2003 padre mmoja aliyeshiriki kuandaa waraka wa Vatikani juu ya imani za Zama Mpya aliwaambia waandishi wa habari kwamba haoni tatizo. Machi mwaka huohuo Kardinali Joseph Ratzinger alimwandikia mwandishi Mjerumani Gabriele Kuby kumshukuru kwa kitabu chake cha kuonya juu ya vivutio vya chinichini vinavyoweza kuidhoofisha imani ya mtoto kabla haijakomaa.

Nimesoma vitabu vyote saba, na kwa sehemu kubwa naona Colson alisema kweli. Uwezo wa kichawi katika Harry Potter ni wa kuzaliwa nao, kama sauti ya kuimbia. Haupatikani kwa agano, wala hakuna anayemwomba pepo. Mwalimu wa ramli anachekwa karibu kila anapotokea. Voldemort anagawanya nafsi yake vipande ili asife, na kila kipande kinamgharimu mtu mwingine uhai wake, jambo ambalo msomaji wa Kumbukumbu la Torati 18 atalitambua mara moja. Kwenye makaburi ya kitabu cha saba yamechongwa maneno ya Mathayo 6 na ya 1 Wakorintho 15, na Rowling alisema baada ya kitabu hicho kutoka kwamba uhusiano na Ukristo ulikuwa dhahiri kwake siku zote, ila kuuzungumza mapema kungefichua mwisho wa hadithi. Kijana anayekwenda mwenyewe kufa bila silaha ili wenzake wapone, akaamka, hakuokotwa katika elimu ya mashetani.

Hata hivyo wapingaji walikuwa na hoja mbili nzito, na ajabu ni kwamba hawakuzipigia kelele, kwa vile walishughulika na vijiti. Ya kwanza ni ile ya Jiwe la Ufufuo. Harry akiwa njiani kwenda kufa analizungusha jiwe hilo, na wazazi wake waliokufa pamoja na rafiki zao wanatokea na kumsindikiza kwa maneno ya kumtia moyo. Mwandishi amejilinda: hadithi ya zamani iliyomo kitabuni inasema mtu aliyelitumia jiwe hilo kumrudisha mchumba wake aliishia kujiua kwa huzuni, na Harry analiacha jiwe lipotee msituni. Ni kinga ya kweli. Lakini tukio lenyewe ni tamu mno, na kwa msomaji anayeishi mahali ambapo mizimu huitwa kwa tambiko, na ambapo mjane anaweza kuambiwa mumewe ana ujumbe kwake, utamu huo una nguvu ambayo msomaji wa Edinburgh hawezi kuipima. Mwandishi wa Endori alimwonyesha mfu akipanda kwa hasira na kusema neno la hukumu. Rowling amewaonyesha wafu wakifariji. Mzazi akitaka kuzungumza na mwanawe juu ya kitabu cha saba, ukurasa wa kuanzia ni huo.

Hoja ya pili ni ya kimaadili na inaniumiza zaidi. Kuanzia kitabu cha nne tunaambiwa zipo laana tatu zisizosameheka: kuua, kutesa, na kuitawala nia ya mwingine. Katika kitabu cha saba Harry anaitawala nia ya wengine ili aingie benki, kisha anamtesa mtu kwa ile laana ya mateso kwa sababu amemtemea mate mwalimu wake. Mwalimu huyo, mwadilifu kuliko wote shuleni, anakisifu kitendo hicho. Hadithi inasonga mbele bila toba wala majuto. Hapo Tolkien angesimama, kwa sababu Pete imevaliwa na hakuna kilichotokea. Kama kuna mahali riwaya hizi zinamfundisha mtoto uchawi, ni hapo, zinapomwambia kwamba nguvu ya kumtesa mwingine ni salama mikononi mwa mtu mzuri aliyekasirika.

Vitabu vya Philip Pullman, His Dark Materials, vilivyotoka kati ya 1995 na 2000, ni jambo jingine. Pullman analipiga vita Kanisa waziwazi na hamfichi msomaji. Mkristo mtu mzima anaweza kubishana naye kwa heshima, na wapo waliofanya hivyo.

Mtihani mgumu zaidi kwa msomaji wa Kiafrika unatoka kwa waandishi wenye asili ya Afrika. Akata Witch ya Nnedi Okorafor, iliyotoka mwaka 2011, inamfuata binti mwenye ualbino nchini Nigeria anayegundua kwamba ana vipawa, katika ulimwengu uliojengwa kwa alama za nsibidi na vinyago vya Waigbo. Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, ya 2018, inawarudisha miungu ya Wayoruba na kuwafanya mashujaa wake wawaite kwa lugha ya Kiyoruba. Hapa utetezi wa Colson haufanyi kazi. Miungu hao wana madhabahu na waumini wanaoishi leo, na jina la mungu linapotamkwa kitabuni, kuna mahali linatamkwa kwa ibada. Naielewa furaha ya kijana wa Kiafrika anayekutana na shujaa mwenye rangi yake, na naiona haki ya waandishi hawa kudai urithi uliotukanwa kwa miaka mingi, pamoja na vinyago vilivyotupwa motoni huko Gdańsk. Okorafor amefanya jambo ambalo Mkristo wa Tanzania anapaswa kulithamini sana: binti ambaye katika nchi yetu angewindwa kwa ajili ya viungo vyake amepewa yeye kuwa mwokozi wa wengine, na adui ni mtu mzima anayewaua watoto ili apate nguvu. Kwa swali langu la pili, lile la kumshuku nani, kitabu hicho kinasimama upande wa mhanga. Kwa swali la kwanza bado nina shaka, na simlaumu mchungaji wa vijana atakayesema vijana wake wangoje wakue.

Paulo aliliacha jambo la namna hii mikononi mwa dhamiri, katika Warumi 14 na 1 Wakorintho 8, alipozungumzia nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Aliyezaliwa katika nyumba ya uganga, akachanjwa chale utotoni na kuogeshwa dawa njia panda, kisha akaokoka, ana sababu ya kutotaka kijiti cha kichawi hata cha karatasi. Ndugu yake asimdharau wala asimbembeleze asome. Naye, kwa kipimo hichohicho, asimhukumu binti wa mwenzake anayesoma Tolkien na kusali rozari jioni. Sioni njia ya kuifanya sheria moja ikawatosha wote wawili.

Nimesema kuna hadithi zinazouzwa mlangoni mwa kanisa zitakazoshindwa. Sasa nizitaje.

Mwaka 1987 Mnigeria Emmanuel Eni alichapisha kijitabu cha ushuhuda, Delivered from the Powers of Darkness. Anasimulia alivyoingia katika jeshi la Shetani, akaishi katika mji ulio chini ya bahari, akaona vito na vipodozi vikitengenezwa huko ili kuwanasa watu wa nchi kavu. Kimesomwa sana Afrika, na ushuhuda wa namna yake ulijaa katika makanisa yetu miaka ya 1990 kwa vijitabu, kanda na baadaye mikanda ya video. Hali ya hewa ilikuwa hiyo rais Daniel arap Moi alipounda mwaka 1994 tume ya kuchunguza ibada ya Shetani nchini Kenya chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake, iliyowekwa wazi mwaka 1999, ilisema ibada hiyo ipo na imeingia mashuleni. Mwaka huohuo wa 1999 nchini Nigeria ilitoka filamu End of the Wicked, kazi ya Helen Ukpabio na kanisa lake la Liberty mjini Calabar. Ndani yake watoto wanaitwa usiku kwenye kikao cha mashetani na kula nyama ya watu, na bibi wa nyumba, mama mzazi wa mume, ndiye mchawi anayeiangamiza familia ya mwanawe.

Kwa kuhesabu vitu, filamu hii inafaulu. Imetengenezwa na kanisa, jina la Yesu linatajwa, uchawi unashindwa mwishoni. Lakini iulize inamfundisha mtazamaji kumshuku nani. Jibu ni bibi yake na mdogo wake. Mikasa yote ya maisha, yaani ugonjwa, utasa, kufukuzwa kazi, imepewa mwenyewe, na mwenyewe anakaa chumba cha pili. Wanaharakati wa haki za watoto waliilaumu filamu hiyo kwa kuchochea wimbi la watoto kuitwa wachawi, kupigwa na kutupwa barabarani kusini mashariki mwa Nigeria, hadi jimbo la Akwa Ibom likatunga sheria mwaka 2008 ya kumwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi. Kinshasa yalikuwa yametokea hayohayo, baadhi ya wachungaji wa makanisa ya uamsho wakiwafungisha watoto chakula na kuwatesa ili wakiri, na sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya 2009 ikalazimika kulitaja kosa hilo.

Na kwetu? Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu walioupata kwa miaka ya kupikia samadi ya ng'ombe na kuni mbichi. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za ulozi. Kilifi wapo wazee wanaopaka nywele rangi ili mvi zisiwaponze. Hakuna muuaji hata mmoja kati ya hao aliyehitaji kusoma Harry Potter. Walihitaji hadithi moja tu, fupi na ya kale, kwamba msiba una mwenyewe na mwenyewe ni jirani. Kila filamu, tamthilia ya redio au ushuhuda wa mimbarini unaoirudia hadithi hiyo unaipa pumzi, hata ukimalizika kwa haleluya.

Sidai kwamba pepo hawapo. Naamini Injili, na Injili imejaa watu waliofunguliwa. Lakini angalia jinsi Injili inavyosimulia. Mtu wa Makaburini katika Marko 5 anaulizwa jina, anavikwa nguo, anarudishwa kwa jamaa zake. Hatuambiwi nani alimroga. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa katika Yohana 9 na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, Yesu aliwakatalia kumtafuta mkosaji. Mwandishi Mkristo anayetaka kuandika riwaya ya kutisha yenye mapepo ana kielelezo hapo, na ni kigumu, kwa sababu kinamnyima kile ambacho hadhira inakidai zaidi: uso wa mchawi.

Kwa hiyo kamati ya kanisa inayokaa kuchuja vitabu vya maktaba ya shule yake ingefanya vizuri kuacha kwanza rafu ya riwaya na kwenda kwenye sanduku la ushuhuda, na kwenye kabati la filamu za mkesha wa vijana. Wachukue moja baada ya nyingine, waandike kando ya kila jina ni nani aliyenyoshewa kidole humo, ana umri gani, ni mwanamke au mwanamume, ana mtu wa kumtetea au hana. Halafu waulize kama kuna anayefanana naye anayekaa umbali wa kutembea kutoka kanisani.